Bakuli Lisiloshindiliwa

"Toa ngumi yako kwenye bakuli langu."

Hivyo ndivyo Iquo alivyokuwa akimwamkia wifi yake kila siku ya soko, na hakuna aliyeshangaa. Watu wengine huamkiana kwa habari za watoto na habari za mvua. Hawa wawili waliamkiana kwa bakuli.

"Nakagua tu, wifi," Mayen angejibu, mkono bado umo ndani. "Nataka nijue nanunua majani au nanunua upepo."

"Upepo ni bure. Kasimame pale njia panda ufungue mdomo, utashiba."

Na wauzaji wa safu nzima wangecheka, halafu wangenyamaza haraka, maana Mayen hakuwa mtu wa kuchekwa muda mrefu.

Iquo aliuza afang. Jani hilo ni gumu, la msituni, kavu hata likiwa bichi, na usipolikata vizuri utalitafuna mpaka taya zikuume na bado litashuka kooni kama kipande cha kamba. Kwa hiyo wanawake wenye kazi nyingi hulinunua likiwa limeshakatwa, na kwa kukata hakuna aliyemfikia Iquo. Aliyaviringisha majani yakawa kitu kama mkeka uliokunjwa, akayabana chini ya vidole vya kushoto, kisu kikaanza kutembea, na nyuzi zilizotoka zilikuwa nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga.

Sasa, uzi mwembamba una tabia yake. Haulali. Nyuzi nene hulaliana kama kuni, lakini nyembamba husimamiana, kila mmoja ukiuegemea mwenzake, na katikati pakabaki nafasi. Iquo alizichukua kwa ncha za vidole, akaziangusha kutoka juu kidogo kidogo, na majani ya kujaza mkono yakawa kilima kilichopita ukingo wa bakuli. Ulikuwa ujuzi halisi. Marehemu mama yake ndiye aliyemfundisha, akamwambia, "Mwanangu, uzito kaupanga Mungu. Kujaa kwa bakuli ni kazi ya mkono wako."

Wanunuzi walijua. Wote katika safu ile walipima namna hiyo, na soko lilikuwa na sheria yake isiyoandikwa popote: mnunuzi aombe nyongeza, alalamike, amtukane muuzaji na bibi yake aliyemzaa mama yake, lakini asishindilie. Bakuli ni la muuzaji mpaka lilipwe. Mayen peke yake ndiye aliyeshindilia.

Alikuwa na sababu yake, nayo haikuanzia sokoni.

Iquo aliolewa na Etim, mdogo wake Mayen wa tumbo moja, fundi wa kusuka viti, mtu mpole wa maneno machache, na Mayen hakuipenda ndoa ile tangu mwanzo. Waliishi katika kiwanja cha baba yake Etim. Kwa mabakuli yale yale ya sokoni Iquo alisaidia kujenga nyumba yao ya bati na jiko la nje lenye mafiga mapana, na majirani wakaiita nyumba ya upepo, kwa utani tu, naye akacheka pamoja nao. Walimpata binti mmoja, Idara, akaolewa mbali huko Oron. Kisha Etim akaanza kuumwa. Alikonda kidogo kidogo kama sabuni mpaka akamalizika.

Mayen ndiye aliyesimamia maiti ioshwe. Aliziona mbavu za mdogo wake, na alipotoka nje mbele ya waombolezaji alimnyooshea Iquo kidole.

"Ndugu yangu amekufa kwa hewa! Mwanamke huyu alimpimia chakula kama anavyotupimia sisi!"

Lilikuwa neno la uchungu, la siku ya msiba, na watu wazima walisema litapita. Halikupita. Kuna maneno yanayofanana na afang, magumu na makavu, ukiyaweka hayaozi. Watoto waliliimba njiani. Iquo alipopita kisimani wanawake walinyamaza, na akiwa ndani ya nguo zake nyeusi za ujane hakuweza kumjibu mtu.

Mwaka wa nguo nyeusi ulipokwisha, ukoo ulikaa. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mjane anayevua nyeusi hupikia ukoo chungu kimoja, na kila mtu akishakula hulirudisha bakuli lake. Likiwekwa chini kifudifudi, maana yake limekwisha safi, mkono wa mpishi umekubaliwa na nyumba ni yake mpaka afe. Likirudi limeangalia juu na chakula ndani, hata moja tu, basi hawamjui tena, akusanye vitu vyake arudi kwa baba yake. Baba yake Iquo alikuwa kaburini, na nyumba aliyoiacha walikuwa wakifugia mbuzi.

Hakuna aliyekumbuka mjane aliyewahi kukataliwa. Lakini pia hakuna aliyekumbuka ukoo uliowahi kuwa na binti wa kwanza kama Mayen, na kwa watu wa kule binti wa kwanza wa nyumba akisema, wanaume husogeza viti wamsikilize.

"Apike afang," Mayen alisema pale kikaoni. "Si ndiyo kazi yake? Lakini majani nitaleta mimi. Sitaki tutiliwe dawa humu ndani. Na yatapimwa kwa mizani. Kilo haina upepo."

Mayen alikuwa mpishi wa mgahawa huko mjini, ambako mpaka chumvi ilipanda mizani. Mzee Udosen, baba yao mdogo, ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na hukumu fupi. Alisema tu, "Alete. Mimi shida yangu ni kula."

Siku ile wanawake walijaa jikoni kwa Iquo tangu asubuhi, wachache kwa kusaidia na wengi kwa kutazama. Mama Ndifreke, jirani mwenye mdomo, alijipatia kigoda karibu kabisa na mafiga kama mtu aliyelipa kiingilio. Mayen akaingia na mifuko miwili, akaitua chini.

"Hii afang, kilo mbili. Haya majani-maji, kilo nne. Mara mbili yake, kama inavyotakiwa. Mizani imesema. Pika."

Majani-maji ni mwenzake afang katika chungu. Ni laini, yana maji tele, na mchuzi huo hauongezwi tone la maji mengine. Majani-maji hutoa maji, afang huyanywa. Yakilingana, mchuzi husimama. Yasipolingana, kila mtu ataona.

Iquo aliingiza mkono kwenye mfuko wa afang. Majani yalikuwa makavu, mazuri, yamechaguliwa. Akayanusa, akayafinya. Hakuona kosa, na kutoona kosa kulimkera kuliko kosa lenyewe.

"Mizani ya nani hii?"

"Ya kazini kwangu."

"Na jani la mizani si hunyunyiziwa maji lipate uzito? Tunawajua watu wa mizani."

"Limenyunyiziwa? Umelishika. Sema mbele za watu limenyunyiziwa."

Wanawake wakamwangalia. Iquo akautoa mkono.

"Mimi sijui kilo," alisema. "Humu ndani kwangu kunapimwa kwa bakuli."

Neno lilimtoka kwa hasira tu, kabla hajalionja. Likishatoka halirudi, akaenda kulichukua bakuli lenyewe, lile la sokoni, la bati jeupe lenye ukingo uliobonyea.

Akakaa, akaanza kukata. Na pale, jamani, hata waliomchukia walisogea watazame. Tangu azaliwe hakuwahi kukata vile. Kisu hakikusikika. Nyuzi zilishuka kwenye ungo kama moshi wa kijani, ungo ukajaa, ukaletwa mwingine, nao ukajaa. Mama Ndifreke alisema kwa sauti ya chini, "Huyu si binadamu, huyu ni cherehani." Iquo alimsikia, na kiburi kikampanda kichwani kama pombe ya asubuhi.

Akapima majani-maji kwanza, yaliyokatwakatwa. Hayo hujilalia yenyewe kwa uzito wake, kila bakuli likikaa kama limepigwa ngumi. Kisha akapima afang, bakuli moja kwa kila mabakuli mawili ya majani-maji, kama kila msichana wa kule anavyojua. Lakini aliipima kwa ncha za vidole, akiiangusha kutoka juu. Mkono ulijiendea wenyewe njia uliyoizoea. Alipofikia kipimo alichotaka, karibu nusu ya nyuzi ilikuwa bado iko kwenye ungo.

Aliinua macho, akatabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu msiba.

"Wifi, mizani yako ni karimu mno. Imezidisha. Chukua hizi uwarudishie wenyewe, nisije nikaambiwa nimeiba jani la watu."

Jiko zima likaangua kicheko. Mayen alizitia zile nyuzi kwenye kitenge chake, akafunga fundo, akaliweka magotini na kulifunika kwa viganja. Mtu mwingine angeogopa kuona hivyo. Iquo alikuwa ameshalewa ushindi.

Mawese yakapashwa. Nyama ikaingia, samaki mkavu, uduvi wa kusagwa, pilipili, konokono wadogo wa mtoni. Majani-maji yakatumbukizwa, yakanywea na kutoa maji yake. Ndipo Iquo akaitia afang kwenye kinu ili aitwange ilainike.

Mchi ulishuka mara chache tu. Kile kilima kilikaa chini. Kikakaa chini tena. Alipochungulia ndani ya kinu aliona donge ambalo mtoto angeliweza kulificha mgongoni.

Aliendelea kutwanga, si kwa sababu ilihitajika, ila kwa sababu hakutaka kuinua uso.

Akalitia donge chunguni, akakoroga. Mwiko ulizunguka bila kushikwa na kitu. Mafuta yakaelea upande mmoja, majani upande mwingine, na katikati maji ya kijani yakacheka.

Mama Ndifreke alinyoosha shingo. "Iquo, shoga yangu. Hapa tunakula au tunanawa mikono?"

Hapo ndipo Iquo alipoelewa alichofanya. Miaka yote aliyompikia Etim hakuwahi kulileta bakuli lile jikoni. Lilikaa kwenye kapu la soko na likarudi kwenye kapu la soko. Nyumbani alitwanga kwanza, akaitwaa afang iliyokwisha kutwangwa, akapima donge kwa kiganja, na donge halina hewa. Leo, kwa kumkomoa wifi, ameleta kipimo cha kuuzia kwenye chungu cha kula. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kuukausha mchuzi asingeweza. Majani-maji yangerojeka na kuwa meusi, na nje wanaume walishaanza kugonga mabakuli. Palikuwa na dawa moja tu, nayo ilikuwa kwenye kitenge cha Mayen.

Aligeuka. Mayen alikuwa akimtazama muda wote huo.

"Nipe," Iquo alisema.

"Nikupe nini?"

"Unajua."

"Mimi nina jani la watu wa mizani hapa. Limezidi, si umesema? Natakiwa kulirudisha."

"Mayen, wanangoja nje."

"Wangoje. Aliyekula hewa mpaka akafa alingoja pia."

Iquo aliushika mwiko kwa namna iliyomfanya Mama Ndifreke asogeze kigoda nyuma.

"Sema unalotaka, debe tupu wewe."

"Debe tupu ni lile bakuli lako," Mayen akasema. Akafungua fundo polepole. "Nataka kidogo tu. Jaza bakuli lako hapa, kwa hizi, vile unavyotujazia sisi. Halafu ushindilie. Si mimi. Wewe mwenyewe, kwa ngumi yako, hawa wote wakiona. Ukimaliza, chukua zote."

Iquo aliwatazama wanawake. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kununua kwake. Kujua kwamba bakuli lina hewa ni jambo moja. Kila mtu anajua, kama anavyojua kwamba atakufa. Kuonyeshwa ni hewa kiasi gani ni jambo jingine kabisa. Akikataa, nyumba imekwenda. Akikubali, jina lake sokoni limekwenda, na jina ndilo lililoijenga nyumba.

Alilichukua bakuli. Akazishika nyuzi kwa ncha za vidole, akaziangusha kutoka juu, taratibu, bila kupunja hata mbwembwe moja, mpaka kilima kikasimama juu ya ukingo, kizuri, chepesi, cha kijani. Kisha akakunja ngumi.

Kilima kiliingia ndani. Ngumi ikafuata mpaka kifundo cha mkono. Alipoitoa, majani yalikuwa yamelala chini kabisa, na bakuli lote lililobaki lilikuwa wazi, bati linang'aa.

"Lo!" alisema mwanamke mmoja nyuma.

Mama Ndifreke aliinuka kutoka kwenye kigoda. "Iquo, mwizi mkubwa wewe! Harusi ya mwanangu nilinunua kwako!"

"Ulijua," Iquo alimkatiza. "Wote mlijua. Mngetaka majani yaliyolala mngeyakata wenyewe." Akamnyang'anya Mayen kitenge, akakikung'utia kwenye kinu, akatwanga kama anayeua nyoka.

Mchuzi ukasimama. Ulipopakuliwa ulikaa kwenye bakuli bila kutiririka, mawese yakiuzunguka kama pambo, na harufu ilipotoka nje Mzee Udosen aliacha hadithi aliyokuwa akiisimulia katikati ya sentensi.

Walikula. Fufu, ugali wa kule wa muhogo, ilimegwa, mikono ikashuka na kupanda. Bakuli la kwanza likawekwa kifudifudi, la pili, kisha mengi kwa pamoja. Mwishowe likabaki la Mayen. Alikuwa anakula polepole, na kila tonge aliligeuza mdomoni kama anayetafuta mwiba.

Mzee Udosen alijifuta mdomo. Wanawake walikuwa wameshamweleza kisa chote cha jikoni, wote kwa wakati mmoja.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Mimi kwa Etim nimekula mara nyingi, mnanijua, nilikuwa napita makusudi saa ya chakula. Sijawahi kukuta mchuzi wa maji. Hata siku moja. Leo umekuwa wa maji kwa sababu leo amelileta bakuli la soko. Basi siku zile hakulileta." Akamgeukia Mayen. "Mdogo wako hakula hewa, binti yangu. Maradhi ndiyo yaliyomla."

Mayen aliangalia tonge lililokuwa mkononi. Ndiyo ladha aliyokuwa akiila Etim, na yeye hakuwahi kuionja, kwa kuwa tangu ndoa ile ifungwe hakuwahi kukubali kula kwa Iquo. Alilimeza. Akalifuta bakuli kwa kidole, akakilamba kidole, akaliweka bakuli kifudifudi kwa nguvu mpaka likalia.

"Mchuzi hauna kosa," alisema. "Mwenye mchuzi ndiye mbaya. Kumbe ndugu yangu alikula donge, na hewa tulikula sisi."

"Mlikuwa mnailipia kwa furaha," Iquo akajibu kutoka mlangoni.

"Sikupendi, wifi."

"Wala hujawahi. Rudisha kitenge chako, kimechafuka."

Nyumba ikawa ya Iquo. Hakuna aliyeligusa tena jambo hilo, na lile neno la msibani lilikufa, maana aliyelizaa ndiye aliyelizika kwa mdomo wake, ingawa alilizika bila kuomba radhi.

Siku ya soko iliyofuata Iquo alitandika gunia lake mahali pale pale. Hakuwahi kuona foleni ya wanunuzi ndefu namna ile, na katika foleni hiyo hapakuwa na uso hata mmoja wenye huruma. Mama Ndifreke alikuwapo. Wanawake wa jikoni walikuwapo, na wale waliosimuliwa na wanawake wa jikoni. Wauzaji wenzake walimkodolea macho ya chuki, maana wao pia walikuwa wameanza kuingiziwa ngumi kwenye mabakuli yao tangu alfajiri, na walijua ni kwa sababu ya nani.

Mbele kabisa ya foleni alisimama Mayen.

Iquo alilijaza bakuli kwa ncha za vidole, akiangusha kutoka juu. Mkono haukujua njia nyingine. Kilima kikasimama. Akalisukuma mbele.

"Haya, shindilia," alisema. "Lakini ukilibonyeza tena pengine, utalilipa bakuli."

Mayen akakunja ngumi, akashindilia mpaka kifundo cha mkono, akatoa mkono.

"Ongeza," alisema.

Iquo akaongeza.